Shajara ya mradi: kuipima meli ya simu pale Fungu

Desemba 21, bamvua (siku za maji kujaa na kupwa sana)

Siku ya kwanza ya kazi na tayari nimeharibu. Nilishuka na kamba ya nailoni ya mita 40, nimeipiga fundo kila baada ya mita moja, nikiamini nitapanda na urefu wa mabaki yote mkononi. Nimepanda na majibu matatu ya swali moja: mafundo 31, mafundo 29, halafu 30 na kipande. Nailoni inavutika. Ukiikaza inarefuka, ukiilegeza mkondo unaijaza tumbo kama tanga. Mimi ni mtoto wa mvuvi, kamba hiyo nimeishika kabla sijashika kalamu, na bado nimeipeleka chini nikaifanya kipimo.

Kwa atakayesoma baadaye, hata akiwa ni mimi mwenyewe nimeshasahau: ninachotaka ni ramani ya mabaki ya Great Northern, meli ya waya wa telegrafu iliyozama pale kwenye mwamba wa Fungu, mbele ya Mji Mkongwe. Sitaki ramani ya makumbusho. Nataka karatasi moja ngumu, iliyopigwa plastiki, ya kuwaonyesha wageni botini kabla hatujashuka. Tuliyonayo sasa ilichorwa na kiongozi wa wazamiaji aliyekuwapo kabla yangu. Inaonyesha meli nzima imelala ubavu, na dohani yake. Mwezi uliopita mgeni mmoja alipanda kutoka chini, akavua miwani, akaniuliza kwa upole kabisa: "Ile meli uliyotuonyesha kwenye picha, tutaiona kesho?"

Boti nzima ilicheka, na mimi nikacheka nao. Usiku sikulala vizuri.

Maana meli haipo pale. Kilichopo ni chuma kilichotawanyika juu ya matumbawe: mataruma yaliyosimama kama mbavu za ng'ombe aliyekwisha kuliwa, mabati yaliyolaliana, mabomba, na vipande ambavyo hata fundi wa meli angesita kuvitaja jina. Mwamba ni wa kina kifupi, mita 12 pakiwa na maji mengi, kwa hiyo kila kusi mawimbi yanafika hadi chini na kutikisa. Meli iliyozama mita 40 inalala. Iliyozama mita 12 haipati usingizi.

Desemba 22

Nimenunua futi ya mafundi ya mita 30, ile ya utepe wa nyuzi za fibaglasi. Muuzaji Darajani akaniuliza najenga nyumba wapi. Nikamwambia baharini. Akanipunguzia bei, nadhani kwa huruma.

Kibao cha kuandikia nimekikata kutoka ubavuni mwa ndoo nyeupe ya rangi, nikakisugua kwa msasa mpaka kikaacha kung'aa. Penseli ya kawaida inaandika vizuri juu yake ndani ya maji, na ukipanda unafuta kwa mchanga. Vibao vya dukani vya wazamiaji vinauzwa bei ya samaki wa wiki nzima.

Desemba 28, maji mafu (siku za maji kupishana kidogo)

Leo mkondo mdogo, maji meupe. Mwenzangu, kiongozi mwenzangu wa hapa kazini, alishika mwanzo wa futi, mimi nikaenda na mwisho wake. Tulianza na bomba nene lililoko upande wa nchi kavu. Miaka yote nimekuwa nikiwaambia wageni lina upana wa mita mbili, "mtu anasimama ndani." Futi imesema mita 1 na sentimita 48.

Nilipima mara tatu nikidhani nimekosea, na kila mara jibu likawa lilelile. Nilipopanda nikakumbuka tuliyofundishwa siku ya kwanza ya kozi: nyuma ya kioo cha miwani, kitu kilichomo majini kinaonekana kimekua kwa karibu theluthi moja. Zidisha 1.48 kwa nne, gawa kwa tatu, unapata mbili kasoro kidogo. Nimekuwa nikitangaza uongo wa miwani yangu kwa miaka tisa.

Jambo la pili la leo ni hewa. Nikiongoza wageni, natulia, napumua kama lita 15 kwa dakika ningekuwa juu. Kwenye mita 12 mgandamizo ni mara 2.2 ya juu, kwa hiyo lita 33. Mtungi wa lita 12 uliojazwa hadi mgandamizo wa bar 200 una lita 2,400. Ukiacha bar 50 za akiba zinabaki lita 1,800, yaani dakika 54 hivi. Leo, kwa kuvuta futi, kujishika dhidi ya mkondo, kuandika, na kukasirika, geji ilifika bar 50 baada ya dakika 34. Majedwali ya mbizi yangeniruhusu kukaa zaidi ya saa mbili kwenye kina hiki, lakini hewa inaisha mapema kuliko ruhusa. Kwa hiyo kila mbizi moja ni nusu saa ya kazi, na lazima nijue kabla ya kushuka ninapima nini, kutoka wapi hadi wapi.

Nahodha wetu, ambaye mimi namwita ami kwa kuwa ni mdogo wake marehemu baba, alitufikisha juu ya mabaki bila kuangalia simu ya mtu. Anatumia alama za nchi kavu: kitu hiki kikae juu ya kile, na kingine kifiche kingine, basi, tia nanga mchangani. Alama yake moja ya zamani ilikuwa mnara wa Beit el Ajaib, jumba la kale la Sultani. Mnara ukaporomoka tarehe 25 Desemba 2020 pamoja na sehemu ya mbele ya jengo. Nilimuuliza alifanyaje. Akasema, "Nilipotea siku mbili, mwanangu, halafu nikatafuta kingine." Aliendelea kula muhogo wake.

Desemba 31

Leo niliomba twende hata kama hakuna wageni. Great Northern ilizama mkesha wa Mwaka Mpya, mwaka 1902. Nilitaka kuwa pale siku yake, bila sababu nyingine.

Nimepima mataruma sita tu, nafasi kati ya moja na jingine, halafu nikaacha futi na kukaa. Mkunga mmoja mnene alitoa kichwa chini ya bati, akafungua mdomo na kuufunga, kama mzee anayetafuta neno. Kamba mawe wamejipanga ndani ya bomba la mita 1.48, ndevu zimetoka nje zote.

Tuseme wazi jambo moja, kwa sababu kwenye ile picha ya zamani limeandikwa vingine. Juu yake pameandikwa "HMS", na wageni wanashuka wakitafuta mizinga. HMS ni meli ya kivita ya Mfalme au Malkia wa Uingereza. Hii haikuwa ya vita. Ilijengwa mwaka 1870 na kazi yake ilikuwa waya wa telegrafu chini ya bahari. Watu wanaichanganya na nyingine mbili za hapahapa: Glasgow, meli ya Sultani iliyozamishwa bandarini na Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, na Pegasus, ambayo hiyo kweli ilikuwa HMS, iliyopigwa na meli ya Kijerumani Königsberg tarehe 20 Septemba 1914. Nimewahi kumsikia kiongozi mmoja akimwonyesha mgeni tundu la kutu na kumwambia ni la kombora la Mjerumani. Nasikitika kuandika kwamba kiongozi huyo ni mimi, mwaka wangu wa kwanza.

Waya ulifika Unguja mwaka 1879, na kilichoharakisha mambo ni vita vya mbali. Tarehe 22 Januari mwaka huo jeshi la Waingereza lilipigwa na Wazulu Isandlwana, na habari ikafika London tarehe 11 Februari, siku ishirini nzima, kwa kuwa waya ulikuwa haujafika kusini mwa Afrika. Kabla mwaka haujaisha waya ulikuwa umeshalazwa kutoka Aden hadi Unguja, Msumbiji, Delagoa Bay na Durban. Mwaka 1893 ukatoka mwingine hapahapa kwenda Shelisheli na Morisi. Ndani ni shaba, juu yake utomvu wa mti wa guttapercha wa kuzuia maji, halafu nyuzi, halafu vyuma vya kulinda. Na bado unakatika: matumbawe yanausaga, nanga zinaunasa, minyoo ya bahari inautafuna. Ndiyo maana meli ya aina hii haikuwa na likizo. Inakwenda mahali waya ulipokatika, inaburuza ndoano kubwa chini mpaka inaunasa, inaupandisha, mafundi wanaunga, wanaurudisha. Kazi ya mshipi kabisa, ila samaki ni mmoja na urefu wake ni kutoka hapa hadi Aden.

Ami anaiita "meli ya simu", kama alivyoiita babu yake. Vijana wa boti wanamcheka, wanadhani anakosea. Hakosei. Simu ni neno la Kiajemi, maana yake waya, na wazee waliposema "amepigiwa simu" walikuwa wanazungumzia telegrafu, miaka mingi kabla ya kile kidude cha mfukoni. Kwenye ramani nitaandika Meli ya Simu, herufi kubwa, na Great Northern chini yake.

Januari 4

Dira haifai. Nilidhani nitachora mwelekeo wa mkuku, yaani uti wa chini wa meli, kwa dira ya mkononi: nilale mwanzoni mwa chuma kirefu kilichonyooka, nisome, niende mwisho wake, nisome tena. Mwanzoni digrii 40. Mwishoni digrii 75. Chuma kimoja, kimenyooka, nimekihakikisha kwa futi iliyokazwa. Katikati ya hapo sindano ilizunguka taratibu kama paka anayetafuta pa kulala. Bila shaka, nimeishika dira juu ya tani nyingi za chuma. Ilikuwa inaangalia meli, haiangalii kaskazini.

Januari 5

Mdogo wangu ni mwalimu wa hesabu skuli ya sekondari. Hajui kuogelea na hataki kujua. Nilimweleza tatizo la dira jana usiku tukiwa tunakula, akaniuliza, "Kwani unahitaji pembe ya nini?" Akachukua vijiti vitatu vya mishikaki, akaviunganisha juu ya meza. Pembetatu. Ukijua urefu wa pande tatu, umbo limeshajulikana, halina pa kukimbilia. Pembe hazihitajiki.

Basi mpango mpya. Sehemu mbili zisizosogea, tuziite A na B. Pima umbali kati yake mara nyingi mpaka uuamini. Kisha kwa kila kitu unachotaka kukiweka kwenye ramani, pima umbali wake kutoka A na umbali wake kutoka B. Mezani, bikari inachora duara mbili, zinapokatana ndipo kitu kilipo. Zinakatana sehemu mbili, ila moja iko upande usio na meli, kwa hiyo hakuna ubishi. Na kila baada ya vitu vitano, pima umbali kati ya vitu viwili vya ramani ili kujua kama unajidanganya. Hilo la mwisho alilisisitiza yeye, kwa sauti ile ya darasani.

Januari 11, maji mafu

Imefanya kazi. A ni msingi wa taruma nene upande wa kusini. B ni kona ya bati kubwa upande wa kaskazini, limeshikana na matumbawe, au tuseme nililiona limeshikana. Kati yake mita 22.64, 22.61, 22.66. Tofauti ya sentimita tano ndani ya bahari yenye mkondo. Nilipiga kelele ndani ya regulata, kile cha kupumulia mdomoni, na mwenzangu akadhani nimeumwa na kitu.

Vitu saba mbizi ya kwanza, tisa ya pili. Usiku mdogo wangu alichora kwa bikari juu ya karatasi ya miraba, na kwa mara ya kwanza nimeiona meli kutoka juu. Ni nyembamba kuliko nilivyodhani. Upande mmoja umeanguka nje, umefunguka kama kitabu kilicholala chali. Miaka tisa nimepita katikati ya kurasa hizo nikiwaambia watu kwamba tuko "ndani ya meli".

Januari 19, bamvua

Siku mbaya. Kwanza habari ya nanga. Tulipofika palikuwa na boti nyingine, sitasema ya nani, imetia nanga juu ya mabaki kabisa, si mchangani. Ami alipaza sauti kwa adabu, wakaipandisha, ikaja na matumbawe yaliyokatika yananing'inia kwenye makucha yake. Tukashuka. Bati la kona B limeinuka upande mmoja na kugeuka. Kutoka A hadi B leo ni mita 21.90.

Nilikaa chini pale nikitazama nambari hiyo kwenye kibao. Vitu kumi na sita vimepimwa kutoka kona ambayo haipo tena pale ilipokuwa. Mwenzangu alinionyesha kwa mkono: juu? Nikamwonyesha: bado.

Vitu kumi na sita bado vina umbali wao sahihi kati yao wenyewe, kwa siku ile. Nilichopoteza ni mguu wa kusimamia. Tulitafuta B mpya, safari hii jiwe la mwamba wenyewe, si chuma, nikalifunga kipande cha bomba jeupe la plastiki kwa kamba. Kisha nikapima upya vitu vinne vya zamani kutoka A na B mpya ili kuunga kazi ya zamani na mpya. Mafundi wa waya wangeelewa.

Jambo la pili: kina. Nimekuwa nikiandika kina cha kila kitu kutoka kwenye saa ya mbizi, na nambari zinagombana. Msingi wa taruma la A leo saa nne asubuhi ulikuwa mita 8.6. Tuliporudi saa kumi jioni, mita 12.1. Hakuna cha ajabu, hapa kwetu bamvua likikupwa na kujaa maji yanapishana karibu mita nne, na kila mtoto wa Malindi ya hapa mjini anajua kwamba bamvua linakupwa saa nne. Mjinga ni aliyeandika kina bila kuandika saa. Nimechukua jedwali la maji la bandari: asubuhi maji yalikuwa sentimita 30 juu ya sifuri ya jedwali, jioni mita 4. Toa: 8.3 na 8.1. Tofauti ya sentimita 20, hiyo nawaachia mawimbi. Kuanzia leo kila kina kinaandikwa pamoja na saa, na kwenye ramani kitakuwa kina cha maji yakiwa chini kabisa, ili mgeni asikute kifupi kuliko alichoambiwa.

Nambari za kina za Desemba nimezifuta zote.

Januari 20

Hakuna mbizi. Nimekwenda kuzungumza na wenye ile boti. Nimekaribishwa chai, nimeahidiwa. Tutaona. Lililo muhimu ni boya la kudumu pale, la kufungia boti, ili asiwepo mwenye haja ya nanga. Nimemuuliza anayehusika. Nimeambiwa niandike barua. Nimeandika.

Januari 26, maji mafu

Leo nimeandika haraka kwa sababu mkono unatetemeka, na si kwa baridi.

Upande wa tezi, yaani nyuma ya meli, kuna bati lililopinda, kubwa, limejaa matumbawe laini. Sisi viongozi tunaliita "tangi". Meli za waya zilikuwa na matangi makubwa ya duara tumboni, waya unazungushwa ndani yake na kufunikwa na maji usikauke. Kila kiongozi anamwonyesha mgeni bati hili na kumwambia, hapa ndipo waya ulipokaa. Nani alianza kusema? Aliyemfundisha aliyenifundisha.

Mdogo wangu alinipa njia. Chukua kitu kilichonyooka cha mita mbili, kiweke ndani ya mpindo, ncha zote mbili ziguse bati. Pima pengo katikati. Kwa hilo pekee unapata ukubwa wa duara nzima. Nimebeba chuma cha alumini cha fundi mwashi, kile cha kusawazishia plasta. Pengo: sentimita 17. Nimempigia kutoka botini kabla sijavua jaketi. Akanyamaza kidogo, akapiga hesabu: nusu ya mita mbili ni moja, moja kwa moja ni moja, gawa kwa mara mbili ya 0.17, ongeza nusu ya 0.17. Mita 3 na sentimita 3. Upana wa duara, mita sita.

Mita sita! Hata ami aliacha usukani.

Februari 2

Upepo. Kaskazi imekaza, mawimbi meupe mpaka kisiwa cha Bawe. Hakuna kazi. Nimewaeleza watu wengi mno habari ya mita sita.

Februari 10, maji mafu

Mdogo wangu alikuwa ameniambia kabla sijashuka: "Umepima mara moja. Pima sehemu tatu." Nilikasirika kidogo.

Nimepima sehemu tatu. Pale pa zamani, sentimita 17 tena. Hatua moja kulia, 11. Hatua mbili kushoto, 24. Kwa hesabu ileile, upana wa duara ni mita sita, kisha mita tisa na ushei, kisha mita nne na ushei. Tangi la duara haliwi na upana tatu. Nilijaribu kujitetea: ni matumbawe yameota, yameongeza unene upande mmoja. Nikachagua sehemu zilizo tupu, nikarudia. 18, 12, 23. Bati hili limepindwa na mawimbi, au liliangukiwa na kitu siku ile, au mwaka wowote baada yake. Mpindo wake hautokani na kiwanda.

Mwenzangu alipoona nambari kibaoni alinishika bega ndani ya maji. Tulibaki na dakika kumi za hewa, na hatukupima kitu kingine. Tuliangalia tuguu wakizunguka juu ya mataruma, bapa kama sinia, wanageuka wote kwa pamoja.

Jioni nimewapigia simu wale wote niliowaeleza mita sita. Wawili walicheka. Mmoja, kiongozi wa zamani, alisema, "Sasa tuwaambie nini wageni pale?" Nilimjibu tuwaambie ni bati. Alikata simu.

Februari 15

Mbizi mbili za mwisho kabla ya mfungo. Vitu 43 viko kwenye ramani, vyote kwa A na B mpya, vyote na saa. Umbali wa kuhakikisha kati ya vitu viwili viwili umetofautiana kwa sentimita 12 pale palipo pabaya zaidi, isipokuwa mabomba mawili ya tezi ambayo yanakataa kukubaliana kwa zaidi ya nusu mita. Hayo yatapimwa upya. Mimi sizamii mchana wa Ramadhani. Wapo wanaozamia na siwasemi, ila mimi na regulata hatujawahi kupanda bila maji kidogo kuingia mdomoni.

Februari 24, usiku

Baada ya tarawehe tumekaa barazani, mimi na mdogo wangu, taa ya kuchaji katikati, tunachora nakala safi. Yeye anaandika nambari, mimi nachora maumbo, kwa sababu mimi ndiye niliyeyaona. Tumegombana juu ya neno la lile bati. Alitaka "bati lililopinda". Mimi nilitaka "bati lililopinda, zamani liliitwa tangi". Tumeweka langu kwa herufi ndogo.

Mshale wa kaskazini nao umetutesa. Dira ya chini haifai, kwa hiyo nilikuwa nimeupata mwelekeo kwa kufunga maboya mawili, moja juu ya A, jingine juu ya B, siku maji yalipolala, na kuyatazama kwa dira kutoka botini, mbali na chuma. Digrii zimekubaliana mara tatu. Tumeuchora mshale, kaskazini juu, kama ramani zote za skuli.

Machi 3

Ami alipita kufuturu. Nilimwonyesha. Aliishika karatasi kwa muda mrefu, akaipeleka karibu na taa, akaigeuza kidogo, akaigeuza tena, mpaka kaskazini ikawa mkono wake wa kulia.

"Hivi," alisema.

Nikamwambia ameishika vibaya, kaskazini ni juu.

"Mimi natoka mjini," akasema. "Mji uko nyuma yangu, jua la jioni mbele. Wageni wako wamekaa hivi botini, wanatazama mbele. Unataka washuke wakitafuta kushoto kitu kilichoko mbele?"

Akaweka kidole ukingoni mwa karatasi, upande wa chini, na kuniuliza mbona sijamwachia nafasi ya kuchora alama zake za nchi kavu. Nilimpa penseli. Alichora minara miwili ya kanisa kwanza, polepole, halafu kitu cha tatu, ambacho amenikataza kukiandika hapa, kwa sababu wenye ile boti wanaweza kusoma.

Kesho naanza nakala nyingine. Mji utakuwa chini.